Paa Nililoezua, Seng'enge Nisiyoikata

Wenzangu mnaobaki ofisini, siku ile ya soda na keki za kuniaga mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya maendeleo ya jamii. Mmoja wenu alisema niandike "changamoto na mafanikio". Nimekaa siku tatu na maneno hayo mawili nisipate hata mstari, maana ni maneno ya ripoti, na ripoti nimekwisha kuandika za kunitosha. Kwa hiyo nitawasimulia tu jinsi nilivyofundishwa kazi na aliyenifundisha. Vyeo nitaviruka. Vilichelewa kuja, na mishahara yake ikachelewa zaidi.

Mimi ni Mmatengo wa Mbuji. Nimekulia katika ngoro, yale mashimo tunayochimba mteremkoni ili mvua isiondoke na udongo wetu. Baba alifyeka na kulaza majani kwa mistari, mama akafukia udongo juu yake, na majirani wakaja kusaidia bila kuitwa mara mbili. Nilipopelekwa kozi ya siasa na maendeleo, miaka ya sabini, mkufunzi akatueleza ujamaa, nilijisemea kwamba huyu mtu anaeleza shamba la mama yangu. Niliamini papo hapo. Ninawaambia hivi mapema ili mtakayoyasoma mbele msidhani nilikuwa mtu wa kufuata mkumbo. Niliamini kwa moyo wote, na hapo ndipo ilipokuwa hatari.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Chiwanda. Nilipewa baiskeli, kipaza sauti kilichokula betri kama mbuzi anavyokula majani, na daftari lenye safu mbili: waliohama na waliobaki. Ulikuwa wakati wa kuwakusanya watu waliokaa mbalimbali waje waishi pamoja kando ya barabara, wapate shule, maji na zahanati. Lengo lilikuwa zuri, na mpaka leo sijapata sababu ya kulidharau. Nilikuwa na mgambo kumi. Wengi walinizidi umri, lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu.

Tulifika nyumba moja karibu na kijito. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, Mwanglikana, aliyekuwa akifundisha watu wazima kusoma na kuandika katika jengo la kanisa. Jina lake Eunike. Mumewe alikuwa amerudi kutoka migodi ya Afrika Kusini na kifua kibovu, amelala mkekani.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi sikatai kijiji. Ninachokataa ni kuhamishwa leo. Mume wangu hawezi kutembea. Niache mpaka mvua ziishe, nitakuja mwenyewe."

Nilimjibu kwa hotuba. Sikumbuki hata neno moja la hotuba ile, nakumbuka tu kwamba nilitumia kipaza sauti ingawa tulikuwa hatua tatu kutoka kwake. Kisha nikapanda juu mwenyewe, maana niliambiwa kiongozi huonyesha mfano, nikaanza kuezua.

Bi Eunike hakupiga kelele. Aliingia ndani akaketi mkekani kando ya mumewe, akamfunika uso kwa kitenge ili vumbi lisimwingie. Nyasi zikawaangukia wote wawili. Tulipomaliza alitoka na mtungi na kata, akamnywesha maji kila mmoja wetu.

"Kazi hiyo ina vumbi," alisema. "Kunyweni."

Tukanywa. Hakuna aliyemtazama. Aliporudisha kata ndani akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Sasa naiona mbingu. Lakini bado sijahama."

Walikaa katika nyumba isiyo na paa hadi majirani walipowasitiri kwa nyasi kuukuu. Mvua zilipokwisha alihama mwenyewe, kama alivyosema. Lakini mimi jioni ileile niliandika jina lake safu ya waliobaki, nikaona aibu, nikalifuta na kuliandika safu ya waliohama. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa kiofisi. Mumewe alifariki mwaka uliofuata. Baadaye nilimwuliza Bi Eunike mara nyingi kama lile paa lilichangia, na kila mara alinijibu neno moja: "Ni migodi, mwanangu." Nimeshindwa mpaka leo kujua kama alikuwa akinieleza ukweli au akinisitiri.

Miaka iliyofuata nilizungushwa wilaya nyingine. Nilipanga foleni za sukari pamoja na niliowahimiza wavumilie. Kisha milango ikafunguliwa. Maduka yakajaa vitu na viwanja vya mikutano vikabaki vitupu. Wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua mazao, na wenzangu niliosoma nao kozi ya siasa wakafungua mashine za kusaga. Mmoja wao aliniambia, "Bwana, tulikosea njia, tuombe radhi tuendelee mbele." Nikamjibu kwamba hatukukosea njia, tulihujumiwa. Nilikuwa na hasira ya kudumu siku hizo. Niliona kama mtu amenipandia juu ya nyumba na kuniezua.

Katika hali hiyo nikarudishwa ziwani, mwanzoni mwa miaka ya tisini, upande uleule wa Chiwanda. Safari hii nilikuwa na pikipiki ya Honda, iliyozimika kila ilipoona mlima. Kazi ilikuwa kusaidia vikundi vya wanawake. Kikundi cha kwanza katika orodha kilikuwa cha wakausha usipa, wale samaki wadogo wa ziwani wanaotandazwa juani kwenye vichanja vya matete. Nikafika ufukweni, nikavua kofia, nikamwona mwenyekiti wao. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, lakini nilimtambua kabla sijazima pikipiki. Nikamwomba Mungu Bi Eunike asinitambue.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Karibu sana, Bwana Ezua."

Wanawake wote wakacheka. Ndipo nilipojua kwamba kwa karibu miaka ishirini, ufukwe mzima ulikuwa ukiniita hivyo. Hata walionifahamu kwa kusimuliwa tu walilijua jina hilo, na lile la baba yangu hawakulijua kabisa.

Ilinichukua wiki kadhaa kupata ujasiri. Siku moja nilimkuta akigeuza usipa peke yake, nikamwambia, "Mama, kuhusu lile paa. Nimekuja kuomba msamaha."

Hakuacha kugeuza. "Nilikusamehe siku ileile," akasema. "Ni wewe uliyechelewa kupata habari."

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake, ingawa sikulijua hilo wala nisingelikubali. Nilidhani namfundisha katiba ya kikundi. Mumewe alimwachia masimulizi ya mambo aliyoyaona kusini, watu weusi wakienda polisi kwa miguu yao, mikono mitupu, kukataa amri ya dhuluma na kuomba wafungwe, mpaka mahabusu zikakosa nafasi. Alikuwa ameyafikiri mambo hayo miaka mingi, akiyapima kwa Injili yake na kwa maisha ya ufukweni.

"Mwenye nguvu anakutegemea ufanye moja kati ya mawili," aliniambia, "umwogope au umpige. Kwa vyote viwili amejiandaa. Usipofanya hata kimoja, inabidi afikiri. Na mtu akianza kufikiri kuna matumaini."

"Mama," nikamjibu, "wanyonyaji hawaondoki kwa maombi."

"Mimi sijasema maombi. Nimesema kukaa. Wewe uliniezua, mimi nikakaa. Nani amehama kati yetu?"

Nilibisha. Msidhani alikuwa mpole. Alikuwa mkaidi kuliko ngamia, na akichukia kosa alilichukia hasa. Alichokikataa ni kumchukia mkosaji. Tofauti hiyo mimi niliiona ya kitoto. Historia, nilimwambia, huenda mbele kwa mapambano. Akasema ndiyo, naye anapambana, ila hataki siku ya ushindi ajikute anafanana na aliyemshinda.

Kisha ukaja uzio.

Mfanyabiashara mmoja wa Mbamba Bay, Bwana Masudi, ambaye babu yake alikuja kutoka Kilwa na mizigo ya nguo, alipata kibali cha kujenga ghala la samaki na nyumba ya wageni pale ufukweni. Kibali kilitoka katika ofisi ambayo sitaitaja, na aliyekisaini nina hakika hakuwahi kufika pale. Asubuhi moja watu waliamka wakakuta nguzo zimesimikwa na seng'enge imevutwa kutoka kwenye miamba hadi mdomo wa kijito. Ndani yake kulikuwa na vichanja vya wanawake na njia yao ya kwenda kuchota maji. Walinzi wawili walisimama getini. Mkubwa wao, mtu wa Tingi aitwaye Kassian, alikuwa na rungu na koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali.

Hapa nilijisikia kijana tena. Nilikuwa nimeona ubepari katika vitabu na katika hotuba, na sasa nauona kwa macho, una nguzo na waya. Nilimwambia Bi Eunike tuwakusanye wanaume, tukate seng'enge mchana kweupe, halafu nitaandika barua kueleza kwamba wananchi wamechukua hatua.

"Halafu Masudi ataleta askari," akasema, "na waume zetu watapigwa, na seng'enge itarudi. Hapana. Tutaanika usipa."

Asubuhi iliyofuata wanawake walitengeneza vichanja vipya nje ya uzio, katikati ya barabara ya kuingilia kwenye kiwanja, wakatandaza samaki, wakaketi kando yake. Walikuwa kama arobaini. Bi Eunike aliwapa masharti kwa maneno machache: hakuna kumtukana mtu, hakuna kugusa waya, na asiyeweza abaki nyumbani awapikie wenzake. Kisha wakawasalimia walinzi, wakawauliza wameamkaje na kama watoto wao hawajambo. Mchana waliwapelekea ugali wa muhogo. Kassian alisita, akatazama kushoto na kulia, akala.

Siku ya tano lori la saruji lilikuja kutoka Mbinga. Dereva akapiga honi. Wanawake wakaendelea kugeuza usipa wao. Akapiga tena, akashuka, akafoka, akaambiwa pole kwa safari na akaletewa kiti. Harufu ya samaki mbichi chini ya jua la saa saba si jambo la mzaha. Mwishowe akalala chini ya lori lake hadi jua likapungua, akageuza, akaondoka na saruji yote.

Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi niliona tunachelewa. Kesho yake nilipita kwa wanaume waliokuwa wakishona nyavu, nikaketi nao, nikasema maneno ambayo nimeyakumbuka kila wiki ya maisha yangu tangu hapo. "Akina mama wakichoka, ninyi mpo. Walinzi ni wawili tu. Na seng'enge hukatwa kwa koleo." Nilisema nikitabasamu, kama utani, ili likitokea lolote niwe kama sikusema.

Baada ya siku mbili, asubuhi, mvuvi mmoja aitwaye Batromeo, baba wa watoto wanne na mtu mtulivu kwa kawaida, alikuja na koleo. Kassian alimzuia kwa rungu bila kumpiga. Batromeo akarudi nyuma, akaokota jiwe, akalirusha. Lilimpata Kassian juu ya jicho. Alianguka dhidi ya waya, damu ikamjaa usoni.

Bi Eunike alisimama. "Anueni," akasema.

Wanawake wakamtazama.

"Anueni usipa wote. Twende nyumbani. Leo hatuna haki ya kukaa hapa."

Nilimkimbilia. "Mama, lori lilirudi lilikotoka. Masudi amekwama. Tumebakiza siku chache tu tushinde."

"Tulikuwa tunashinda," akasema. "Sasa mtu wetu amemwaga damu." Kisha akawageukia wanaume waliokuwa wamekusanyika. "Nani amewaambia habari za koleo?"

Batromeo alikuwa ametazama chini, lakini macho yake yaliinuka, yakanijia, yakashuka tena. Hakunitaja. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na mke, watoto na miaka kumi na minane kazini, na kumchochea mwananchi ampige mlinzi si kosa la kupewa karipio la mdomo. Nawaambia kwa uaminifu kwamba kilichonifanya niseme si ushujaa. Nilimkumbuka mtu aliyejibu kwa hotuba na kufuta jina daftarini, nikachoka naye.

"Ni mimi," nikasema.

Nilingoja anikemee. Angenikemea ningepata nafuu. Alinitazama tu, kisha akasema, "Basi mshike huyu upande wa kulia."

Tulifunga machela kwa miti miwili na shuka, mimi na Batromeo na wanaume wengine wawili, tukambeba Kassian hadi zahanati, mwendo wa saa nzima. Njiani alipata fahamu sawasawa akaanza kuzungumza, labda kwa hofu. Alikuwa mkulima wa kahawa. Ugonjwa wa chulebuni ulikuwa umekula mibuni yake misimu miwili mfululizo, matunda yakawa meusi yakakauka mtini, ndipo akatafuta ulinzi. "Na mimi ni mwanachama wa ushirika," aliniambia, kama mtu anayejitetea. "Kadi yangu iko nyumbani." Miguu yake ilikuwa karibu na uso wangu kila tulipopanda mwinuko. Alivaa malapa yaliyoshonwa kwa waya.

Nilikuwa nimefundishwa kwamba kuna tabaka la wanyonyaji na tabaka la wanyonywaji, na nikafundisha hivyohivyo kwa miaka mingi, kwa ubao na chaki. Nadhani ni kweli. Lakini jiwe lililorushwa kwa maneno yangu halikumpata mnyonyaji. Lilimpata mwanaushirika wa Tingi aliyelipwa asimame mahali pa mwingine. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo mawe yote ya historia yangu, na karibu yote yalikuwa yamewaangukia watu wa namna ile. Hata paa lile. Mkoloni au tajiri hakuwa ameketi chini yake. Aliyekuwa chini yake ni mchimba madini mgonjwa.

Kassian alishonwa, na jicho likapona. Batromeo alikwenda mwenyewe kituo cha polisi, kwa ushauri wa Bi Eunike, nami nikaenda naye. Askari wa zamu aliandika maelezo ya Batromeo vizuri tu. Nilipomwambia kwamba nami nina maelezo, aliweka kalamu chini.

"Bwana Maendeleo, unajishtaki?"

"Naam."

"Subiri," akasema, akaenda kumwuliza mkubwa wake kama inawezekana.

Kassian alikataa kumshtaki Batromeo. Mimi nilipata barua ya onyo kali kutoka kwa mwajiri, na nikawa karibu kufukuzwa. Barua ile ninayo. Katika hati zote nilizopewa kazini ndiyo pekee niliyoistahili kikamilifu.

Kisha Bi Eunike akatuchukua, mimi na Batromeo, tukaenda Mbamba Bay dukani kwa Bwana Masudi. Alikuwa mtu wa makamo, kofia safi, amekaa nyuma ya mabelo ya vitenge. Alitutazama tukiingia, mkono mmoja ukaenda chini ya meza. Sijui kulikuwa na nini.

"Hatujaja kuomba ufukwe," Bi Eunike alimwambia baada ya salamu. "Ufukwe tutauomba siku nyingine. Leo tumekuja kuomba radhi. Mfanyakazi wako ameumizwa na mtu wetu, na mtu wetu alichochewa na huyu. Wako hapa wote wawili."

Bwana Masudi akaagiza chai. Tulipokuwa tukinywa aliniuliza, "Wewe ni mtu wa serikali?"

"Ndiyo."

"Na ulisema hayo?"

"Nilisema."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilijiandaa kwa mapanga," akasema. "Nilikwisha kuzungumza na polisi, na wakili nilimpata Songea. Kwa pole sikujiandaa." Akamgeukia Bi Eunike. "Mama, kwani hapo mahali pana nini?"

"Uje uone," akasema. "Kibali hakionyeshi."

Alikuja wiki iliyofuata, bila askari. Bi Eunike alimtembeza kwenye njia ya maji na mahali pa vichanja, akamwonyesha mwamba ambao wanawake wa familia nne wamekuwa wakifulia nguo juu yake tangu enzi za bibi zao. Wanawake waliketi, safari hii bila usipa, wakamngoja. Mazungumzo yalichukua miezi, na mara mbili yalivunjika. Mwisho wake uzio ulisogezwa. Njia ya maji ikafunguliwa, na sehemu kubwa ya mchanga ikarudi kwa wakaushaji. Upande wa miamba Masudi aliubakiza akajenga ghala lake, na wapo wanaosema hadi leo kwamba tulipoteza. Sibishani nao. Miamba ile ilikuwa yetu. Lakini hakuna aliyezikwa, na miaka iliyofuata ghala lilinunua samaki kwa wanawake walewale, na Kassian akawa mlinzi wa pande zote mbili.

Baadaye nilirudishwa milimani, na huko ndiko nilikojua kama nimejifunza au nilisimuliwa tu. Wanunuzi binafsi walikuwa wakipita Umatengo na malori, wakulima wakiwauzia kahawa na kuuacha ushirika. Tuliitwa kikao. Pendekezo lilikuwa kuweka vizuizi barabarani na kutaifisha kahawa ya watakaokamatwa. Watu wazuri walilitetea, wanaushirika wa kweli, wenye uchungu kama niliokuwa nao mimi. Nilisimama nikasema kwamba naupenda ushirika kuliko karibu wote waliomo mle chumbani, na kwa hiyo siwezi kuulinda kwa kumnyang'anya mkulima. Anayewekwa ndani kwa kizuizi si mwanachama, ni mahabusu. Tukitaka arudi, twende shambani kwake tumwulize kwa nini ameondoka, na tuwe tayari kulisikia jibu.

Mwenyekiti alisema nimelainika. Labda. Pendekezo lilipita kwa nusu, vizuizi vikawekwa, vikaondolewa. Mimi nilitembea ngoro kwa ngoro, nikauliza. Majibu yalikuwa machungu, na mengi yalikuwa ya haki. Vyama viwili vya msingi vilisimama tena kwa namna hiyo, vidogo kuliko zamani, vya watu waliokuja wenyewe.

Vijana wananiuliza kama niliacha ujamaa. Sikuacha. Nilichoacha ni imani kwamba jambo jema linaruhusiwa kufika kwa njia yoyote. Shamba la mama yangu lililimwa na majirani waliokuja, na kama wangeletwa na mgambo lingekuwa shamba jingine kabisa, hata kama mahindi yangekuwa yaleyale. Nililijua hilo nikiwa mtoto. Ikabidi nilisomee, nilisahau, kisha nifundishwe upya na mwanamke niliyemwezua.

Bi Eunike alifariki katika usingizi akiwa amezeeka sana. Nilikwenda mazishini. Kassian alikuwepo, na Batromeo, na Bwana Masudi alileta sanda na mchele. Mtoto mkubwa wa marehemu alinitambulisha kwa waombolezaji kwa jina langu halisi na la baba yangu. Sijui nani alimfundisha. Nilishukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Mkutano wangu wa mwisho kazini ulikuwa Mbuji, nyumbani. Nilikuwa nimewaandalia mpango wa kikundi cha kumenya kahawa kwa mashine moja ya pamoja, mpango mzuri, nimeufanyia kazi mwaka mzima, nikiamini utakuwa kumbukumbu yangu. Niliueleza bila kipaza sauti. Wakauliza maswali hadi jua likageuka. Mwanamke mmoja akasimama akasema, "Bwana Maendeleo, tunakushukuru, lakini mwaka huu hapana. Mashine ni moja na sisi tuko vilima viwili. Tutagombana. Tuache kwanza tuzungumze wenyewe." Wakapiga kura kwa mikono. Mikono iliyoukataa ilikuwa mingi mno hata sikuhitaji kuihesabu.

Niliandika katika ripoti: wananchi wamekataa, sababu ni hizi. Nikaziandika zote, kwa maneno yao. Nikawauliza kama nimeandika sawasawa, wakanisahihisha mahali pawili. Kisha nikawashukuru, nikafunga faili, nikashuka mteremko kwa miguu, nikiwa nimeshindwa, na moyo wangu mweupe.